Bosi ameniagiza nifungue akaunti ya uongo nichunguze wafanyakazi

Yaya, mkubwa wangu, jambo sana.

Nakusoma siku nyingi, ila sikufikiri kama nami nitakaa siku moja kukuandikia. Nina miaka 36, naishi Bel-Air, hapa Lubumbashi. Nafanya kazi kwenye kampuni ya usafirishaji inayobebea kampuni za madini: tunapeleka chokaa na vipuri Kolwezi, tunabeba shaba mpaka Kasumbalesa. Tuko watu 84, wengi wao madereva. Mimi ndiye mkuu wa servisi ya wafanyakazi. Mikataba, likizo, mishahara, CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), misiba, yote yanapita mezani kwangu.

Jumanne ya wiki iliyopita, karani wetu wa mizani ya malori, kijana wa miaka 24, alipewa kofia mpya na jileti mpya. Akafurahi. Akasimama ndani ya ofisi ya depo, dole gumba juu, akapigwa picha, akaiweka Facebook na maneno haya: "Mungu ni mwema, kazi inaendelea." Watu wakampongeza, hata mimi nilimpongeza. Sasa, nyuma ya bega lake kuna ubao mweupe. Kila asubuhi tunaandika pale namba ya lori, jina la mteja, tani, saa ya kutoka na jina la dereva. Ukikuza picha kwa vidole viwili unasoma yote, mpaka simu ya dereva mmoja. Mteja wetu mkubwa aliiona kabla yetu. Alimtumia bosi picha ya skrini bila salamu, na alama tatu za kuuliza.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, mama anayetufanyia usafi na chai aliweka statusi kwenye WhatsApp. Niseme ukweli, mwezi huu mishahara ilichelewa siku 11. Aliandika: "Bengine banakula mu V8, shiye tunakula ahadi." Hakutaja kampuni, hakutaja mtu. Lakini bosi anatembea na gari la V8, na kuna mtu alimpelekea.

Ijumaa bosi aliniita. Maagizo yake: wote wawili waondoke kazini. Wafanyakazi wote wasaini karatasi kwamba hawatasema neno lolote juu ya kampuni kwenye mitandao, hata wakiacha kazi. Kila mtu alete namba zake za siri za Facebook. Atakayeposti kitu atakatwa dola 50 kwenye mshahara. Na mimi nifungue akaunti ya Facebook yenye jina la uongo na picha ya msichana mzuri, niombe urafiki kwa wafanyakazi wote, nitafute njia ya kuingia kwenye grupu yao ya WhatsApp ambayo viongozi hawamo, na kila Jumatatu nimletee ripoti. Nilipoanza kusitasita akaniuliza: "Weye uko DRH ao uko avoka yabo?", yaani mimi ni mkuu wa wafanyakazi au wakili wao. Akanipa na pesa ya mega za intaneti za mwezi mzima.

Yaya, akaunti niliifungua. Nakiri. Watu 19 walikubali urafiki ndani ya siku tatu. Dereva mmoja, baba wa watoto watano, alianza kuniita mrembo. Hilo nililicheka. Lakini msichana mmoja wa ofisi aliweka swali kwa marafiki zake tu: nani anajua daktari mzuri wa kufuatilia mimba, maana ile ya kwanza ilitoka. Kazini hajamwambia mtu yeyote. Nami ndiye ninayetayarisha orodha ya mikataba itakayofanywa upya. Toka usiku huo sijaifungua tena.

Jumatatu inakuja. Na jambo la mwisho: bosi ni binamu wa mume wangu. Ndiye aliyenipa hii kazi wakati mume wangu hakuwa na kitu. Nikikataa, nitasikia nyumbani. Nifanye nini?

Mama wa Wafanyakazi, Bel-Air

*

Mdogo wangu,

Ifute hiyo akaunti sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Nakungoja. Usipige picha ya skrini hata moja "kwa ajili ya baadaye", usimjibu yule baba wa watoto watano, na usimpelekee bosi jina la mtu yeyote ulilolikuta mle. Ukimaliza, chukua karatasi, andika kwa mkono wako: tarehe uliyoagizwa, nani aliyekuagiza, siku uliyofungua, siku uliyofunga, na kwamba hakuna ripoti iliyotoka. Weka nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazi. Ukija kuulizwa siku moja, hutategemea kichwa peke yake.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumatatu. Nami nilikaa kwenye servisi ya wafanyakazi miaka mingi, kabla ya simu hizi. Wakati ule watu hawakuwa na statusi, walikuwa na karatasi chini ya mlango. Asubuhi moja mkurugenzi wetu alikuta moja, isiyo na jina, inayosema ukweli mchungu kuhusu nyumba za kampuni. Akatuagiza tulinganishe mwandiko wake na maombi yote ya likizo yaliyo kwenye makabati. Tulilinganisha siku mbili, tukampata, akaondoka. Nilijiona hodari. Mwaka ule mlinzi wa usiku aliuza mafuta ya dizeli ya kampuni miezi saba, nusu ya kiwanda wanajua, na hakuna aliyepiga hodi kwetu kutuambia. Mkuu wa wafanyakazi anaishi kwa yale watu wanayomletea kwa hiari yao. Siku wakijua kwamba yule msichana mzuri wa Facebook alikuwa wewe, na watajua, hapo hutaletewa tena hata habari ya bomba linalovuja.

Kisheria nako si mahali pa kusimama. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya mtu na mawasiliano yake, iwe barua au simu. Kazi haiondoi hilo. Na lile swali la mimba ndilo linaloonyesha hatari kuliko vifungu vyote. Sasa unajua jambo ambalo hukutakiwa kulijua, nawe ndiye unayeshika orodha ya mikataba. Hata ukitenda haki kabisa, mkataba wa msichana huyo usipofanywa upya, nani atakuamini kwamba mimba haikuingia hesabuni? Ulikwenda kutafuta siri za kampuni, ukarudi na siri ya tumbo la mtu.

Sasa tuje kwa hao wawili. Bosi wako amewafunga kamba moja, nawe kwenye barua yako umewaacha humohumo. Wafungue, maana hawafanani hata kidogo.

Picha ya karani ni kosa la kweli, tusilipunguze. Sheria ya kazi, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mfanyakazi atunze siri za biashara za mwajiri wake, akiwa kazini na hata mkataba ukiisha. Jina la mteja pamoja na tani zake ni siri ya biashara. Lakini mimi kilichonitia baridi ni ile saa ya kutoka ikiwa pembeni ya namba ya lori na jina la dereva. Wewe unajua, nami najua, shaba ni mali ya namna gani kwenye ile barabara. Mtu mwenye picha ile mkononi hakuhitaji mpelelezi. Kwa hiyo kijana lazima aitoe mara moja, kama bado haijatolewa, na mtafute nani aliisambaza, mmwombe kwa jina aifute.

Baada ya hapo mpe demande d'explications, karatasi ya kumtaka ajieleze, kwa maandishi, ajibu kwa maandishi. Najua kwenye makampuni yetu karatasi hiyo inatumika kama kiboko, mtu akiipokea anaanza kuaga wenzake. Safari hii itumie kwa kazi yake: kuuliza. Muulize kama kuna aliyewahi kumwambia asipige picha pale ndani. Nami nakuuliza wewe hilohilo. Fungua règlement d'entreprise, yaani kanuni za ndani za kampuni yenu, usiku huu. Naweka dau la sahani ya bukari na sombe kwamba utakuta kuchelewa, pombe, kulala kazini, pengine na kuvaa kofia, na hutakuta neno simu. Karani wenu amevunja sheria ambayo kampuni haikuwahi kuisema, mbele ya ubao ambao kampuni yenyewe iliutundika mahali ambapo kila dereva, kila mgeni na kila muuza kadi za simu anausoma bila kupiga picha.

Onyo la maandishi linamtosha. Bosi akishikilia kwamba ni faute lourde, kosa zito la kumfukuzia mtu papo hapo, mkumbushe kuwa saa inatembea: kifungu cha 72 cha sheria hiyo ya kazi kinampa mwajiri siku 15 za kazi, toka siku aliyojua jambo, kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi kwamba anavunja mkataba. Asidhani ataweka picha ile kwenye droo aje aitoe mwezi wa Desemba akikasirika kwa jambo jingine.

Mawakili wa hapa Lubumbashi wanapenda kusoma maamuzi ya Ufaransa, kwa hiyo bosi akimpigia wakili wake anaweza kuambiwa habari ya kampuni moja ya nguo za watoto. Mfanyakazi wao aliweka kwenye Facebook picha ya mitindo mipya iliyokuwa imeonyeshwa kwa watu wa mauzo peke yao. Akaunti ilikuwa ya marafiki tu, lakini marafiki walipita 200, na ndani yao mlikuwa na watu wa kampuni shindani. Akafukuzwa mwaka 2014, na tarehe 30 Septemba 2020 Cour de cassation, mahakama yao ya juu, ikakubali kufukuzwa kwake. Inafanana na yenu? Inafanana. Ila soma mpaka chini. Yule alikuwa kiongozi wa miradi ya mauzo ya nje, alijua thamani ya kile alichokishika. Karani wako alikuwa anaonyesha kofia. Na picha ile ilimfikia mwajiri kwa mkono wa mfanyakazi mwenzake, rafiki yake wa kweli wa Facebook, aliyeipeleka mwenyewe. Mahakama ilipima hilo kwa uangalifu: mwajiri hakutumia hila kuipata. Msichana wako mzuri wa picha ya kuazima ni kitu gani kama si hila?

Maamuzi ya Ufaransa hayamfungi hakimu wetu, lakini wakili akianza kuyanukuu, nawe uwe umeyasoma.

Mama wa chai sasa. Huyu ndiye aliyemkasirisha bosi, sema ukweli. Picha ya karani ilimwaibisha mbele ya mteja, lakini statusi ile ilimchoma rohoni kwa sababu ni kweli. Mshahara, kisheria, haupitishi mwezi mmoja bila kulipwa. Nyinyi mlichelewa siku 11. Mama hakutaja kampuni, hakumtukana mtu, hakusema uongo, na statusi ya WhatsApp inaonwa na wale wenye namba yake, si na Kongo nzima. Kifungu cha 23 cha katiba kinampa haki ya kusema analofikiri. Ukimfukuza, hatua ya kwanza ya ugomvi ni kwa Inspecteur du Travail, mkaguzi wa kazi wa serikali, kwa upatanisho, na swali la kwanza la Inspecteur halitakuwa juu ya WhatsApp. Litakuwa: mishahara ya mwezi ule ililipwa tarehe ngapi? Hapo kiti cha mshitakiwa kitabadilisha mtu.

Hao wanaopenda Ufaransa waambie pia kuhusu uamuzi wa tarehe 12 Septemba 2018. Mfanyakazi aliwasema wakubwa wake, tena kwa maneno makali kuliko haya ya mama wa chai, ndani ya grupu ya Facebook iliyofungwa yenye watu 14. Mahakama ikasema hayo ni mazungumzo ya siri ya watu, hayawi kosa la kumfukuzia mtu.

Kuna mpaka, nao haujifichi. Kama mama angeandika kwamba bosi ameiba pesa za CNSS, na si kweli, tungekuwa tunazungumza jambo jingine. Code du numérique, sheria yetu ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, kifungu cha 360, inampa anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao kifungo cha mwezi mmoja mpaka sita, faini ya faranga 500.000 mpaka 1.000.000, au vyote viwili. Siku hizi naona wakubwa wanakitaja kifungu hicho kwa kila neno lisilowapendeza. Kinasema uongo. Kumwambia mtu kwamba hukula ni kitu kingine.

Kwa hiyo mama wa chai hapewi karatasi yoyote. Ukitaka kumwambia kitu, kaa naye mwenyewe, muulize nyumbani walipitaje zile siku 11.

Maagizo mengine ya bosi ni mepesi. Namba za siri: hapana, hakuna cha kujadili. Ukiwa na namba ya siri ya mtu, siku kitu kibaya kikipostiwa kutoka kwenye akaunti yake, mshukiwa wa kwanza ni kampuni. Dola 50: sheria ya kazi imeorodhesha vitu ambavyo mwajiri anaweza kukata kwenye mshahara, kama kodi, CNSS na pesa ya mbele mtu aliyochukua. Faini ya Facebook haimo. Karatasi ya "neno lolote, hata wakiacha kazi" nayo haifiki mbali, maana siri ya biashara inabaki siri baada ya mkataba, lakini mdomo wa mtu haubaki mali ya kampuni. Karatasi inayomkataza mfanyakazi kusema na mjumbe wa sendika yake (chama cha wafanyakazi) au na Inspecteur ni ya kuwashia makaa.

Mnachohitaji ni ukurasa mmoja, wa Kifaransa na Kiswahili, na Kiswahili kiwe cha madereva wenyewe, si hiki changu. Uanze na vitu, si na mitandao: majina ya wateja, tani, njia na saa, tiketi za mizani, karatasi za forodha, namba za simu za wenzako. Hivi havipigwi picha kwenda nje, iwe Facebook, TikTok au grupu ya kanisa. (Grupu za kanisa na za familia ndizo zinazovuja kuliko zote, mtu anajiona yuko nyumbani.) Kisha uwaze siku ya ajali. Madereva wenu wanaikuta ajali ya wengine kabla ya polisi. Uandike wazi kwamba dakika za kwanza simu ni ya kuita msaada, na kwamba mwili wa mtu haurekodiwi. Mke wa dereva asijue kifo cha mume wake kwenye TikTok. Hilo kila dereva atalisaini kwa mikono miwili, na ukilianza nalo mkutanoni, mengine yatapita.

Uandike pia nani anasema kwa jina la kampuni. Hapa nina swali la uchokozi: ukurasa wa Facebook wa kampuni yenu, nani ana funguo zake? Nimeona nyumba nzuri za biashara ambapo ukurasa ulifunguliwa na kijana wa stashi, aliyekuja kujifunza kazi, stashi ikaisha, kijana yuko Lusaka, na ndiye bado anayeweza kutangaza usiku wa manane kwamba kampuni imefilisika. Na angalia ukurasa wa bosi mwenyewe. Kama kuna picha anatia saini na mteja, mkataba umefunguka mezani, basi karani wako alikuwa na mwalimu.

Kitu ambacho hukukiandika, lakini nakiona kati ya mistari, ni simu zenyewe. Amri za kupakia mnazitumaje kwa madereva? Nitakwambia: kwa WhatsApp, kwenye simu zao wenyewe, kwa mega zao wenyewe. Picha ya tiketi ya mizani inatoka Kolwezi kwa simu ya dereva, inapita grupu ya "Depo", inafika kwako. Siri za mteja wenu zinalala kwenye simu 60 ambazo kampuni haikuzinunua. Dereva akikwama ada ya shule, simu hiyo inauzwa soko la Kenya, hapa mjini kwetu, na picha ndani. Bosi anayetaka kukagua Facebook ya watu angeanza hapa: simu za kampuni kwa wale wanaobeba karatasi, au angalau desturi ya kufuta grupu kila safari ikifika na kutoa mtu kwenye grupu siku anapoacha kazi. Hesabu ni watu wangapi waliokwisha kuondoka ambao bado wamo kwenye grupu ya "Depo". Usiniambie idadi, nitaogopa.

Ukurasa huo upitishe kwa wajumbe wa sendika, uuambatanishe na règlement d'entreprise, upeleke kwa Inspection du Travail, ndipo uutundike. Kosa la kesho litakuwa na sheria ya kulihukumu. Na ubao mweupe uhame leo, uende ukuta ambao hauonekani mlangoni. Pale ulipokuwa, pakeni rangi, wekeni jina la kampuni na picha ya lori safi. Yeyote akipewa kofia mpya akapigie picha pale. Vijana wetu wanapenda kuonekana na jileti, na kwa mji huu ambapo kazi inatafutwa na tochi, wana haki. Tangazo la bure hilo, bosi wako angelilipia.

Sasa shemeji yako. Usimwambie haya nyumbani, wala Jumapili watoto wakicheza na sahani ziko mezani. Nyumbani yeye ni mkubwa wa mume wako na wewe ni mke wa ukoo, utashindwa kabla hujafungua mdomo. Nenda Jumatatu asubuhi, ofisini, na karatasi mkononi, umwite Bwana PDG, mkurugenzi mkuu, kama wengine wanavyomwita. Na usianze na haki za wafanyakazi, utasikia tena habari ya avoka. Anza na mteja. Mwambie hivi: "Bwana PDG, mteja ametuma alama tatu za kuuliza, na bado hatujamjibu. Tukimwambia tumemfukuza karani, atajua kwamba ubao bado uko pale pale. Nimeleta barua ya kumjibu: picha imetolewa, ubao umehama, sheria mpya hii hapa, na wafanyakazi wote watafundishwa mwezi huu." Mpe barua imeshaandikwa, abaki na kazi ya kusaini tu. Watu wenye hasira wanapenda kusaini kitu.

Akirudia kufukuza, mwekee namba moja mezani. Kuvunja mkataba usio na muda bila sababu halali, hakimu wa Tribunal du Travail, mahakama ya kazi, anaweza kumpa mfanyakazi fidia ya mpaka miezi 36 ya mshahara wake wa mwisho. Kifungu cha 63 cha sheria ya kazi. Zidisha mshahara wa karani mara 36, kisha mshahara wa mama wa chai mara 36, andika jumla kwa kalamu nyekundu, unyamaze. Usijaze kimya hicho na maneno.

Na akiuliza ripoti ya Facebook iko wapi, mwambie akaunti umeifunga, na kwamba kama anaitaka tena, akuandikie agizo hilo kwa barua yenye mhuri wa kampuni. Sijawahi kumwona bosi aliyeiandika barua hiyo. Zile pesa za mega zilizobaki zirudishe kwenye bahasha, na risiti.

Mume wako mwambie Jumapili usiku, kabla, asije akasikia kwa binamu yake. Mwambie yote, hata kwamba ulifungua. Kazi hiyo ulipewa kwa mkono wa ukoo, ni kweli, na shukrani inadaiwa. Lakini jina litakaloandikwa kwenye karatasi za Inspecteur kama mkuu wa wafanyakazi ni la kwako, si la ukoo.

Na yule msichana wa ofisi: siku atakayokuja mezani kwako na karatasi ya daktari, shangaa. Muulize ana miezi mingapi.

Yaya wako